Kitovu cha Kioo

Mume wangu hanunui kwa macho.
Hununua kwa kidole gumba.
Jumamosi asubuhi, gulioni nyuma ya stesheni ya Kouvola,
ambako watu huuza urithi wa mama zao
juu ya mablanketi ya jeshi,
Urho huchutama, hupindua chombo juu chini
kama mkunga aliyepokea mtoto asiyelia,
hupapasa kitako,
akitafuta kovu dogo la duara
pale kioo kilipokatwa kutoka kwenye fimbo ya chuma
kingali chekundu, kingali kizito kama asali.
Yeye hukiita kitovu.
Kisicho na kitovu, asema, ni yatima wa mashine.

Miaka thelathini na minne aliashiria treni:
nyekundu, kijani, nyekundu.
Labda ndiyo maana.
Sasa rangi zimejaa dirishani kwetu na hazimwamuru mtu:
kijivu cha moshi,
kahawia ya chai iliyosahauliwa,
buluu ya barafu ya mwezi wa nne, ile isiyobeba mtu.
Vyombo arobaini na vitatu,
vyote vya miaka ile ambayo sisi wenyewe
tulinywea maziwa vikombe vya bati.
Hakuna hata kimoja kilichowahi kupewa ua.
Mimi ndiye nifutaye vumbi kila Ijumaa,
basi nina haki ya kucheka,
nami nilicheka.

Mwezi wa tatu alileta kile cha kijani.
Yuro mbili. Shingo imepinda kidogo,
na ndani ya ukuta wake kiputo kimoja,
kikubwa kama punje ya dengu,
kimekaa upande, si mahali pake.
Urho hakulala. Alivua miwani, akavaa miwani.
"Hii ni mikono ya Eemeli Vartiala," alinong'ona,
kama vile jina lingeweza kuamka.

Eemeli yu hai bado: miaka tisini na mmoja,
nyumba ya wazee, Nuutila,
mji ambako vitovu vya vyombo hivi vilizikwa
na juu yake pakajengwa duka la matairi.
Tulikwenda kwa basi.
Chombo kilisafiri mapajani mwangu,
ndani ya soksi mbili za sufu.

Mzee alikipokea. Hakukitazama.
Alikipima uzito, akakizungusha mara moja, polepole,
na mabega yake yote yakakumbuka kazi.
Kisha kidole kikafika kwenye kiputo.
"Si changu."
Urho akashika kofia yake.
"Cha Kalervo. Kila majira ya baridi alikuwa na mafua,
na bwana mkubwa hakutaka kusikia habari za mafua.
Bomba mdomoni, tanuri linanguruma,
akapiga chafya.
Tulicheka hadi mwenzetu akaangusha chake.
Hiki kilitakiwa kuvunjwa, kirudi motoni.
Sijui nani alikificha."
Akanyamaza.
"Kalervo alikufa na deni langu. Marka ishirini."
Akaomba kahawa,
akakikumbatia chombo mpaka kahawa ikapoa,
wala hakuna aliyemwambia arudishe.

Njiani Urho hakusema neno, vituo saba.
Alifuata fundi, akapewa mafua.
Nikangoja akisukumie nyuma ya vingine.
Lakini alikiweka mbele, peke yake,
palipo na jua la asubuhi,
na huku kwetu wakati wa baridi
jua halina muda wa kupoteza.

Sasa Ijumaa nikikifikia na kitambaa
nasimama kidogo.
Pumzi ya mtu, ya mwaka hamsini na saba,
imo mle, haijatoka,
labda ingali na unyevu.
Simcheki tena mume wangu,
au namcheka kwa namna nyingine.
Nafuta shingo iliyopinda, nafuta kitovu,
na kabla sijakigusa cha buluu
nasema kwa sauti ya chini, asinisikie:
Afya, Kalervo.